Sifuri ya Tarehe Ishirini

Kama uliishi Singida mjini miaka ile ya mwanzo ya uhuru, ulimjua Raheli hata kama hukujua jina lake. Ndiye yule mwanamke mrefu, mkavu, aliyetoka nyumbani kwake kando ya uwanja wa ndege kila asubuhi, kanga kiunoni, daftari kwapani, akielekea mwisho wa uwanja penye uzio mdogo wa waya. Ndani ya uzio kulikuwa na kipimo cha mvua, kopo la shaba lenye mdomo mpana. Saa tatu kamili Raheli alilifungua, akamimina maji kwenye bilauri yenye mistari, akainama mpaka jicho likawa sawasawa na maji, kisha akaandika. Pasipokuwa na maji aliandika sifuri. Hakuwahi kuandika kwa kukisia, hata siku aliyojifungua Martina, binti yake. Siku hiyo alikwenda kupima kwanza, akarudi akajifungua.

Kazi hiyo alipewa na bwana shamba kwa sababu mbili tu: nyumba yake ilikuwa karibu, naye alikuwa amesoma hadi darasa la nne misheni. Posho yake ilitosha sabuni. Lakini Raheli aliishika kazi ile kama wengine wanavyoshika cheo. Kila mwisho wa mwezi alinakili ukurasa mzima na kuupeleka kwa posta kwa watu wa hali ya hewa Dar es Salaam, nao walimrudishia nakala yenye muhuri na tarehe. Ukurasa ulikuwa na safu ya mwisho iliyoitwa Maelezo. Hapo aliambiwa aandike lolote lisilo la kawaida, kama mvua ya mawe au upepo ulioezua mapaa. Raheli aliandika hayo na mengine mengi, maana macho yake yalikuwa makali na ulimi wake haukuwa na pa kusemea.

Sasa sikia alivyotendewa, maana bila hilo utamwona mwanamke mwenye roho mbaya, na roho yake haikuzaliwa hivyo.

Mumewe, Gaspari, alikuwa mchimba visima. Februari ya mwaka 1968 kingo za kisima zilimporomokea huko Sepuka, paja likavunjika na jeraha likaanza kuoza. Daktari wa misheni alisema wazi kwamba mguu utapona kama Gaspari atafika hospitali kubwa ya Dar es Salaam ndani ya siku mbili, na ukichelewa utakatwa. Ndugu zake wa Ilongero wakauza ng'ombe watatu bila kubishana, jambo ambalo kwa Wanyaturu si dogo, wakanunua tiketi ya ndege ya Jumanne. Ndege ilikuja mara moja tu kwa wiki.

Jumanne hiyo ilikuwa tarehe ishirini. Saa tatu Raheli alipima, akaandika sifuri. Ilikuwa siku ya tisa bila tone, katikati ya msimu wa mvua, na uwele mashambani ulikuwa umeanza kujikunja majani. Saa nne ndege ikatua ikitimua vumbi jekundu. Gaspari alikuwa amelala kwenye machela, jasho likimtoka, wanaume wanne wa ukoo wakiwa wamekwisha kuanza kumpandisha ngazi.

Ndipo alipokuja Anselm, wakala wa shirika la ndege pale Singida, suruali yake ya kaki imepigwa pasi ikasimama.

"Huyu mshusheni, hatapanda," alisema. "Uwanja umelowa kwa mvua. Ndege ikiwa nzito haiwezi kuruka kwenye tope, lazima tupunguze uzito."

Raheli aliangalia viatu vya yule bwana. Vilikuwa vimejaa vumbi.

"Mvua ipi, bwana? Nimetoka kupima sasa hivi. Siku ya tisa hii hakuna hata tone."

"We mama, wewe pima kopo lako. Mimi ndiye ninayejua kama uwanja umelowa au haukulowa."

"Basi nirudishie nauli nimtafutie gari. Huyu mtu anaoza."

"Kwa hali ya hewa shirika halidaiwi kitu. Ukitaka fidia kadai kwa Mungu. Mvua ni yake."

Akampa mgongo. Mahali pa machela ya Gaspari wapagazi wakapakia matenga sita ya kuku. Kuku wa Singida, wanono, wanakwenda kuliwa kwenye harusi ya mkubwa mmoja Dar es Salaam. Saa tano ndege ikaruka, na vumbi lake likamshukia Gaspari usoni. Raheli alimfuta mumewe kwa ncha ya kanga. Kisha akafungua daftari kwenye safu ya Maelezo akaandika: *Jua kali. Vumbi. Saa tano ndege imeruka. Abiria Gaspari ameshushwa. Matenga sita ya kuku yamepakiwa.*

Walimchukua kwa lori la mtama hadi Manyoni, wakangoja treni, wakafika Dar es Salaam siku ya nne. Mguu ulikatwa juu ya goti. Gaspari alirudi na gongo la kutembelea, na tangu hapo hakuingia kisimani tena. Alikaa barazani akisuka kamba, na kila Jumanne ndege ilipopita juu aliacha kusuka mpaka mlio upotee kabisa.

Raheli hakulia sana. Alichukua ile tiketi akampelekea Mwalimu Mathayo, aliyekuwa akijua Kiingereza, amsomee maandishi madogo ya nyuma. Mathayo alisoma taratibu. Ilisemwa kwamba safari ikizuiwa na hali ya hewa, shirika halitalipa fidia. Lakini abiria akishushwa bila sababu hiyo, atarudishiwa nauli yote, na gharama za kufika aendako kwa njia nyingine zitakuwa juu ya shirika.

"Kwa hiyo nina haki," Raheli alisema.

"Unayo, mama. Kama haikunyesha."

Wakaandika barua. Jibu lilikuja baada ya miezi miwili: wakala wetu ameripoti kwamba asubuhi ya tarehe ishirini Februari mvua kubwa ilinyesha Singida na kulowesha uwanja, kwa hiyo hakuna fidia. Wakaandika ya pili, wakaeleza habari za kipimo, wakaambatisha nakala ya ukurasa yenye muhuri. Jibu la pili lilikuwa fupi. Shirika halina uthibitisho kwamba daftari la msoma kipimo wa kijijini ni sahihi. Taarifa ya wakala ndiyo inayotambuliwa.

Hilo la pili ndilo lililomgeuza Raheli. Kuitwa mwongo na Anselm aliweza kumeza. Lakini daftari lake! Alizikunja zile barua mbili na tiketi, akaziweka ndani ya jalada la daftari, na kuanzia siku hiyo akamchukia Anselm kila siku, kwa mpango, kama mtu anavyopalilia shamba. Alipokutana naye njiani hakumsalimu. Alipomwona ananenepa alifurahi, akijua kinono ndicho kinachochinjwa. Kanisani mchungaji alipofika kwenye sala, pale pa kusamehe waliotukosea, Raheli alifunga mdomo, akaufungua tena penye Amina. Mungu alijua sababu, na mimi simlaumu Raheli.

Miaka minne ikapita. Jumanne ya kwanza ya Aprili 1972, alfajiri, mvua ilishuka kama imefunguliwa bomba. Ikapiga kwa saa mbili, ikakatika, jua likatoka. Saa tatu Raheli alipima inchi mbili na nusu. Uwanja ulikuwa ziwa. Anselm, safari hii akiwa na haki kabisa, alipeleka ujumbe kwa redio kwamba ndege isije.

Balaa likawa kwamba siku hiyo ndege ilikuwa imepangiwa kuja alasiri, ichukue wajumbe wa mkoa kwenda kwenye mkutano mkubwa wa Chama. Walifika saa nane mchana. Mchanga wa Singida unakunywa maji upesi, na kwa saa hiyo jua lilikuwa limeukausha uwanja, unaweza kutembea juu yake na viatu vya ngozi. Wakakosa mkutano. Mwongozo wa Chama uliokataza viburi vya wakubwa ulikuwa umetoka mwaka uliotangulia, watu walikuwa wamepata ulimi, na neno lililowajia lilikuwa hujuma. Shirika likaambiwa lilete mtu, kamati ikaundwa, kikao kikapangwa katika jumba la maendeleo. Anselm alikuwa katika hatari ya kupoteza kazi, na pengine kufungwa.

Siku mbili kabla ya kikao alibisha hodi kwa Raheli, mchana kweupe, na kilo mbili za sukari mkononi.

"Shikamoo mama."

Raheli aliendelea kupepeta uwele.

"Mama yangu, wewe ndiye uliyepima. Ukija na daftari lako nimepona. Nakuomba."

"Nitakuja," Raheli alisema. "Sukari ondoka nayo."

Anselm alipokwisha kuondoka, Gaspari aliligonga gongo lake chini.

"Mama Martina, Mungu amemleta mwenyewe! Futa hiyo mbili na nusu, andika sifuri. Afungwe. Aoze huko kama nilivyooza mimi."

"Siandiki."

"Unamwonea huruma huyu?"

"Huruma?" Raheli aliweka ungo chini, na macho yake yalikuwa makali hata Gaspari mwenyewe akarudi nyuma. "Baba Martina, daftari hili nikilidanganyia leo, sifuri yako ya tarehe ishirini inakuwa takataka. Nataka aseme kwa mdomo wake kwamba daftari hili ni la kweli. Hicho ndicho nilichokuwa nakosa miaka minne. Tulia."

Gaspari alitulia. Halafu akaanza kucheka polepole, kicheko kilichokuwa hakijasikika katika nyumba ile tangu Sepuka.

Siku ya kikao jumba lilijaa. Mwenyekiti alikuwa mzee Isaka, mtu wa Chama, mpole wa sauti lakini asiyependa kuzungushwa. Kushoto kwake alikaa bwana wa makao makuu ya shirika, na kulia karani wa kikao. Gaspari alikuja na gongo lake, akachagua kiti cha mbele kabisa.

Raheli alisimama, akawaamkia wazee, akasoma: inchi mbili na nusu. Wajumbe wakaguna. Mmoja akauliza kwa kejeli kama kamati imefika mahali pa kusikiliza kopo.

Anselm aliruka kutoka kwenye kiti.

"Ndugu Mwenyekiti! Daftari la mama huyu halijawahi kusema uongo. Namwona kila siku kwa miaka minane. Kila ukurasa una muhuri wa hali ya hewa Dar es Salaam. Anayelikataa daftari hili anaikataa serikali."

Bwana wa makao makuu, ambaye naye alitaka shirika lake litoke salama, aliunga mkono. "Ni sahihi. Shirika linalitambua daftari hili."

"Lote?" Raheli aliuliza.

"Lote, mama. Tangu ukurasa wa kwanza."

"Naomba karani aandike hivyo, na aliyosema ndugu Anselm pia."

Karani akaandika. Raheli alimngoja anyanyue kalamu. Kisha akalamba kidole, akafunua kurasa nyuma, moja moja, bila haraka, kama mtu anayetafuta kitu ambacho hajui kiko wapi. Alijua. Hata gizani angeufikia ukurasa ule.

"Tarehe ishirini Februari, mwaka sitini na nane," alisoma. "Sifuri. Siku nane zilizotangulia, sifuri. Siku iliyofuata, sifuri." Akasoma na safu ya Maelezo, polepole, mpaka kwenye matenga sita ya kuku. Akatoa barua yenye habari za mvua kubwa, akaiweka mezani mbele ya mzee Isaka, na juu yake tiketi.

Anselm alikuwa bado amesimama, maana hakupata nafasi ya kukaa.

Mzee Isaka alisoma barua mara mbili. "Kuku walikuwa wa nani?" aliuliza.

Anselm alimgeukia bwana wa makao makuu.

"Nimeuliza kuku."

"Mzee… mama huyu… pengine siku ile alikosea kupima."

"Karani," alisema mzee Isaka, "hebu tusomee alichosema ndugu huyu sasa hivi kuhusu daftari."

Karani akasoma. Kila neno. Raheli alimtazama Anselm usoni wakati wote, na wakubwa waliokuwepo walisema baadaye kwamba hawajawahi kuona mtu akitazama vile bila kupepesa.

Kwa habari ya Aprili, Anselm alionekana hana hatia. Kwa habari ya Februari alifukuzwa kazi palepale, na bwana wa makao makuu akatia sahihi kwamba nauli itarudishwa pamoja na gharama za lori na treni, kama ilivyoandikwa nyuma ya tiketi. Mguu haukuwa umeandikwa nyuma ya tiketi. Gaspari aliuliza, akajibiwa hivyo.

Jumanne iliyofuata Anselm alikuja uwanjani na mabegi yake na tiketi ya bure ya mfanyakazi. Wakala mpya aliikagua, akaikagua tena, akamwambia ashuke ngazi, maana tiketi ile ilikufa siku kazi yake ilipokufa. Ndege ikaruka. Anselm akabaki amekaa juu ya begi, ametapakaa vumbi jekundu mpaka kwenye kope.

Raheli alikuwa penye uzio wake. Wapo wanaosema kisasi hakimshibishi mtu. Raheli alishiba. Alimtazama yule mtu mpaka alipotosheka, akafungua daftari, akaandika, akarudi nyumbani.

"Nisomee," alisema Gaspari barazani.

"Sifuri. Uwanja mkavu. Saa tano ndege imeruka. Anselm ameshushwa."

Gaspari alifumba macho. Mkono wake ulikwenda kwenye paja, ukateremka, ukafika pale paja linapoishia.

"Soma tena," alisema.

Akamsomea tena.