Vidonge vya Bibi na Pindo la Khanga

Nakumbuka mchana mmoja wa kuvuna mpunga, Bibi yangu alipokaa ghafla ukingoni mwa jaruba, mkono kifuani. Mwanangu, nakuita hivyo na mimi bado niko kidato cha tatu, ndevu zangu nazijua kwa majina. Nivumilie. Kuna uzee unaoletwa na kosa moja tu.

Bibi alikuwa na ugonjwa wa moyo. Alipewa vidonge vidogo vya kuweka chini ya ulimi kifua kinapombana, ndani ya kichupa cha kioo cha rangi ya kahawia. Mimi nikakitamani kichupa, nitie marashi ya kwendea Maulidi.

"Mke wangu," nikamwambia, "vidonge hivi si uvifunge kwenye pindo la khanga, kama unavyofunga hela?"

"Mume gani huyu, ananipora hadi chupa," akasema, na akavifunga. Nikanukia wiki tatu, wala hakuna msichana aliyegeuka.

Siku ile ya mavuno akafungua pindo, akaweka kimoja chini ya ulimi. Siku zote kikifanya kazi, kichwa humgonga kidogo.

"Mume wangu, leo hakigongi," akaninong'oneza, jasho likimtiririka. Akaweka cha pili. Nacho hakikugonga.

Mimi na wavunaji wenzangu tukampakia kwenye bodaboda hadi hospitali. Muuguzi akavitazama vidonge, kisha akanitazama mimi. Dawa ile, alieleza, hulegeza mishipa inayoupelekea moyo damu, ikapanuka, damu ikapita. Lakini ikitolewa kwenye chupa yake, hewa na joto huimaliza nguvu. "Hapa alikuwa analamba chokaa tu."

Majuto ni mjukuu, na mjukuu mwenyewe ndiye mimi.

Bibi alipona, ila shangazi akamchukua akakae naye Dar, awe karibu na kliniki. Sasa nikitoka shule hakuna wa kuniuliza, "Mume wangu, umeniletea nini?" Kwenye simu bado hunitania, lakini simu haina harufu ya moshi wa jiko lake. Natamani hata ule ugali wake wa kuungua.

Basi shika hili: dawa ya mgonjwa iache kwenye chombo chake, kifuniko kikazwe. Akiweka kidonge na kifua kisitulie, usingoje, mkimbize hospitali. Bibi mtanie utakavyo. Dawa yake usiiguse.

Mungu akubakishie wazee wako nyumbani, wakuchoshe kwa maneno mpaka nawe uote mvi.