Jina la Dada Filomena Kwenye Projekta

Ugonjwa wa dada yangu niliusoma ukutani, kwenye projekta, pamoja na watu kumi na nne nisiowajua vizuri.

Sitanii. Jumamosi ya tatu ya kozi, Mwenge, ghorofa ya pili, saa tano asubuhi.

Mie naitwa Projestus, naandika programu za kompyuta, mwaka wa nane huu. Ofisi ilitaka tujinoe, nikajiandikisha kozi ya object-oriented. Ni ule mtindo ambao kila kitu kwenye programu, yaani object, kinabeba taarifa zake na kuzifungia ndani, wa nje asizichezee.

Mwalimu wetu, Muntasir, anafundisha hadi raha. Siku hiyo somo lilikuwa hilohilo la kuficha taarifa.

"Sasa zoezi, wakuu," akasema. "Nimewatumia faili la wagonjwa. Kila mgonjwa mtengenezeeni object yake."

Akalifungua ukutani. Majina kamili. Namba za simu. Ugonjwa.

Nikadhani ni majina ya kutunga.

Akachagua mstari mmoja. "Huyu hapa. Fistula, mkojo unamtoka wenyewe. Miaka arobaini na moja."

Jamaa wa mbele akadakia, "Duh! Bi mkubwa anavaa pampasi!"

Darasa likaangua kicheko.

Ndipo nikasoma jina. Filomena Kamugisha. Na namba ya dada yangu wa Manzese, naijua kwa kichwa.

Dada aliyenilea huyo. Miaka miwili haji harusini, haji msibani, akija kwangu anasimama mlangoni dakika kumi, anaaga. Mie nilikuwaga namwambia mke wangu, huyu anaringa.

Nikaenda mbele nikachomoa waya wa projekta.

"Braza, vipi?"

"Hawa ni watu wa kweli! Nani kakupa uchafu huu?"

"Hudhaifa," Muntasir akasema. "Si mko naye ofisi moja?"

Nikampigia Hudhaifa palepale. Nikaweka spika, watu wote wasikie anavyoumbuka.

"We Hudhaifa, faili la wagonjwa umelitoa wapi?"

"Projestus, umelewa? Si ulinipa wewe mwaka juzi, ulipoiwekea mfumo ile zahanati ya Manzese? Ulisema nijaribie kazi zangu."

Nikazima spika.

Ni kweli. Nililinakili kwenye flashi, nikampa, nikasahau. Sikuwahi hata kulifungua.

Kinyaa chote nilichokuwa nacho juu ya wale watu kikanigeukia mwenyewe.

Faili tulilifuta kwenye kompyuta moja baada ya nyingine. Nani alishalirusha kwenye simu, Mungu anajua.

Jumatatu nikaenda zahanati nikamweleza mganga mfawidhi, Mama Demetria. Aliniangalia kama kitu kilichoozea jikoni. Mkataba wangu na zahanati ukafa siku hiyohiyo.

Kutoka hapo nikaenda kwa dada.

"Shikamoo dada." Nikamwambia yote.

Akauliza, "Walicheka?"

"Walicheka."

"Na wewe?"

Nilitaka kudanganya, ikashindikana. "Nilicheka, dada. Kabla sijasoma jina."

Akajifunga kanga vizuri, akaingia ndani, akafunga mlango. Hadi leo hapokei simu yangu.

Nyie mnaoandika programu, mkitaka kujaribu mfumo, tungeni majina. Ni kazi ya nusu saa tu. Mie nusu saa hiyo niliiona ndefu.