Bahari Sebuleni kwa Mzee Kaanaeli

Jirani yangu Mzee Kaanaeli hajui kuogelea. Nalisema hili mapema, kwa sababu miaka yote aliyotusumbua na bahari yake hapa Sekei, bahari yenyewe haijawahi kumpita magoti. Wazazi wangu mimi walitoka Pangani, na kwetu bahari ni mahali pa kutafutia kitoweo. Yeye ni Mmachame, mtu wa mlimani, mhasibu mstaafu. Alipelekwa Unguja mara moja kwenye semina ya kazini, akarudi amependa samaki. Si kupenda kula, kupenda kutazama.

Alipostaafu akaweka sebuleni tangi la kioo lenye urefu wa kochi. Chumvi yake ilikuja kwenye ndoo maalumu, samaki wakaja kwa basi kutoka Dar ndani ya mifuko ya plastiki. Kulikuwa na mmoja wa manjano aliyempa jina la Malkia. Ukimsikia anavyozungumza na Malkia ungedhani ni mtu mpole. Mkewe Ndeshi aliitwa kwa kugongewa meza.

Samaki wa bahari hawakai kwenye maji yale yale. Kila Jumamosi sehemu ya maji hutolewa, yakaingia mapya yaliyokorogwa chumvi kwa kipimo. Mzee alikuwa anasoma kipimo. Ndoo alikuwa anabeba Ndeshi, kwa sababu mzee alikuwa na nyonga mbovu. Nyonga hiyo haikumzuia kupanda kilima kwenda kucheza karata na wastaafu wenzake, lakini ikiona ndoo inauma. Ndeshi alivuta maji kwa mpira, akayabeba hadi chooni, akayamwaga, akarudi kuvuta mengine. Mimi nilikuwa namtania juu ya uzio, "Mama Irine, leo bahari imejaa au imekupwa?" Anacheka, anafuta jasho, anaendelea.

Mahali pa Ndeshi palikuwa nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Ilikuwa mishare, ile ya mtori, supu nzito ya ndizi anayonyweshwa mzazi, na machipukizi yake aliyachimba mwenyewe kwenye kihamba, shamba la nyumbani la mama yake kule Machame, wiki ile ile kaka zake walipokiuza. Mama yake alikuwa amezikwa pale. Kaka zake walimpa sufuria na kitenge cha marehemu wakadhani wamemaliza naye. Yeye akaomba jembe. Machipukizi yale yakashika hapa Sekei, yakazaa, na katika urithi wote hicho ndicho kitu pekee alichokuwa nacho.

Binti yao Irine aliolewa Engutoto, akakaa muda mrefu bila mtoto. Maneno ya wakwe aliyoyameza nayajua mimi, maana alikuja kuyatapikia jikoni kwangu. Aliposhika mimba hatimaye, Ndeshi alinivuta mkono hadi kwenye migomba, akanionyesha mikungu iliyokuwa ndiyo kwanza inafungua maua. "Hii itakomaa wakati wa kujifungua," akasema. "Mama alikuwa anasema mjukuu wake akizaa atanyweshwa mtori wa shambani kwake. Shamba ni hili sasa." Kila asubuhi alianzia pale, hata kabla ya chai.

Kiangazi hicho karo lao la maji taka likafa. Tulianza na harufu, kisha siku ya jumuiya, wageni wakiwa katikati ya sala, choo kikarudisha kila kilichopewa. Mzee alifedheheka, akamwita fundi wa makaro anayeitwa Loishiye. Fundi akafunua mfuniko, akachungulia, akauliza wanamwaga nini. Ndeshi wakati huo alikuwa kliniki na Irine. Mimi nilikuwa nimesafiri, msiba Korogwe, kwa hiyo waliozungumza pale ni wanaume wawili.

Jioni mzee akamwambia mkewe kwamba karo limezidiwa na maji mengi, basi. "Haya ya samaki kamwagie migomba yako."

"Na chumvi yake?"

Mzee akachukua ile ndoo ya chumvi, akavaa miwani, akamsomea maandishi ya ubavuni: kalsiamu, magnesi, potasi. "Unasikia? Madini matupu. Watu wananunua mbolea hiyo."

Ndeshi hakuwa mjinga, naomba tuelewane. Huko kwao maji hayatupwi. Ya kuoshea vyombo, ya kuogea, ya kusuuzia ndizi, yote hupewa mgomba, na mgomba hushukuru. Mtu aliyelelewa hivyo, ukimsomea na madini juu yake, atamwaga. Akamwaga, Jumamosi baada ya Jumamosi, kwenye shina hasa, na ndoo ya mwisho alikuwa anaipeleka kwenye mgomba wenye mkungu mkubwa.

Niliporudi kutoka msibani nilikuta majani yameungua pembeni. Tukasema jua. Akaongeza maji, yale yale ya tangi, maana bomba lilikuwa la mgao. Majani yakakauka hadi katikati, na mikungu ikalegea na vidole vyembamba ambavyo hata mbuzi asingevitaka. Mvua hakuna, ya kuosha udongo ule hakuna.

Loishiye alikuja tena kukagua karo lake. Akapita nyuma, akasimama. Nilikuwa pale naye Ndeshi, tunatazama.

"Shikamoo mama. Haya maji ya chumvi mnamwaga huku?"

"Marahaba. Ndiyo, baba."

"Aisee. Si nilimwambia mzee? Nilimwambia yameua vijidudu vinavyokula uchafu kwenye karo, na shambani yasiguse kabisa. Nikamwambia ayaweke kwenye madumu, gari la maji taka likija liyabebe. Akasema hataki madumu yajae uani kwake."

 Ndeshi alitazama mikono yake, mbele na nyuma. Nimeshaona watu wakipokea taarifa za vifo. Sijaona uso ule.

Tukaingia ndani. Mzee alikuwa kwenye kochi akimlisha Malkia. Ndeshi akamuuliza swali moja tu, kama alijua. Mzee hakugeuka hata kumtazama.

"Mama Irine, ndizi zipo sokoni kila siku. Samaki huyu nitampata wapi?"

Nilitaka kumvunjia tangi. Nasema kweli, nilitafuta kwa macho kitu kizito. Ndeshi akanishika mkono akanitoa nje, akachukua jembe, akaanza kuchimba mashina kutafuta hata jicho moja lililo hai. Alichimba mpaka jua likazama. Yote yalikuwa yameoza kahawia ndani.

Irine akajifungua mtoto wa kike. Ndeshi akapita soko la Kilombero hapa mjini, akanunua mshare wa watu, akaenda Engutoto kumlea mzazi. Nilikuwepo alipomnywesha mtori wa kwanza. Irine, ambaye hakuwa ameambiwa lolote, akalamba kijiko akasema, "Mama, ni ule ule wa bibi. Ningeujua popote." Ndeshi akamwambia anywe wote. Kisha akatoka, akakaa kwenye ngazi za nyuma na kitenge mdomoni.

Jumamosi mzee akapiga simu. Maji ya samaki yamechafuka, arudi hata kwa saa moja tu.

"Baba Irine," akamjibu kwa sauti ya kawaida kabisa, "samaki wapo baharini kila siku. Mzazi huyu nitamwacha na nani?"

Akapiga tena Jumamosi iliyofuata, na nyingine. Kugusa ndoo mwenyewe hakutaka. Aliweka mpira wa bomba moja kwa moja kwenye tangi, maji baridi yasiyo na chumvi, akaenda kwenye karata. Wale wadogo walielea kwanza. Malkia alilala ubavu akihema siku nzima, na mzee akilia mbele ya kioo kwa sauti niliyoisikia hadi jikoni kwangu. Hakulia hivyo mama mkwe wake alipozikwa.

Ndeshi alirudi mtoto alipotimiza arobaini. Nyumba nzima ilikuwa inanuka. Mzee akamuuliza maji yale yote yamwagwe wapi, maana karo haliyataki.

"Kwenye migomba," akasema. "Haina tena cha kupoteza."

Akatoa kigoda, akakaa uani. Mzee akasubiri ainuke. Hakuinuka. Basi akachukua ndoo, akaijaza, akavuka uani nayo, akaimwaga kwenye mashina makavu, akarudi ndani kuchukua nyingine. Nilitazama juu ya uzio mpaka tangi likaisha, nikitafuta huruma moyoni nisiione. Nyonga haikumsumbua hata mara moja.