Konfuzau ya Madebe

Juzi mjukuu wangu alirudi kutoka shule akicheka, eti mwalimu amewatoa darasani kwa konfuzau. Palepale nikasikia harufu ya moshi wa korosho.

Alasiri ile ya utoto wangu, mama alikuwa anachoma korosho uani kwetu Palma, nasi watoto tunapiga madebe, mjomba Saidi akituongoza. Askari wa Kireno wakasimama. Mmoja akauliza kwa Kiswahili cha kuokoteza, "Mama, hapa kuna konfuzau?"

Mama alilijua neno hilo kutoka nyumba ya mwalimu Mreno alikokuwa akifua nguo: kelele za watoto. Akacheka. "Haiishi, bwana! Na mkubwa wao ndiye huyu, kaka yangu."

Kwa askari wale, konfuzau ilikuwa vita vya msituni. Wakamfunga mjomba mikono, wakaondoka naye.

Mimi nilidhani ameponzwa na madebe yetu. Jioni nikawa nawanyamazisha wenzangu: "Shii! Tukitulia watamrudisha." Mama akanisikia, akajifunika uso kwa kanga. Mjomba hakurudi, na mama hakuweza tena kumtazama wifi yake usoni.

Mjukuu alikuwa bado anacheka.

"Humu ndani," nikamwambia, "sema 'kelele'."