Mitamba Miwili kwa Kontrola Moja

Mama mdogo Klementina alikuwa na kibanda pale stendi ya Bariadi, cha kuchaji simu na kuwawekea watu nyimbo kwenye flashi kwa kompyuta ya mezani. Watu walimwita Mama Chaji. Aliitika, lakini jina hilo hakulipenda. Alilolipenda aliliandika mwenyewe kwa rangi ya kucha kwenye spika zake mbili: DJ Klemu.

Jumamosi alikuwa anapiga muziki kwenye harusi. Alikuwa na deki mbili za CD na mikisa kuukuu ya kuunganishia nyimbo, na deki moja ilikuwa inaruka kila lori la pamba likipita. Sasa mwaka ule, tulipoambiwa Bariadi si ya Shinyanga tena, ni makao makuu ya mkoa mpya wa Simiyu, maharusi wakaanza kuuliza swali moja tu: "Una laptopu?" Ukisema huna, wanasema watapiga simu. Hawapigi. Wanampigia Joakim, kijana aliyetoka Mwanza na vifaa vyake. Na Joakim anajua, simsingizii.

Basi Klementina akaenda zizini kwa kaka yake, mjomba Mabula, huko Bukundi, siku ambayo mjomba hayupo. Akaswaga mitamba yake miwili mpaka mnadani, akaiuza. Ilikuwa yake, uzao wa ng'ombe aliyepewa na marehemu baba yao alipopata kipaimara. Lakini kwetu ng'ombe akishalala kwenye zizi la ukoo, kumtoa bila kusema ni kama kubomoa ukuta.

Siku ya tatu mjomba alifika kibandani. Hata maji hakutaka.

"Klementina, mitamba iko wapi?"

"Nimeuza, kaka."

"Umenunua nini?"

"Laptopu ya mtumba. Sasa nakwenda kununua kontrola."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Ya kuchanganyia muziki. Inaunganishwa na laptopu."

"Inakamuliwa?"

Mama mdogo akacheka mpaka akashika mlango. "Inakamuliwa, kaka, ila kwa vidole viwili."

Mjomba hakucheka. Akavua kofia, akaivaa tena. "Harusi ya Winnie wa Mzee Mashimba umeisikia?"

Nani hakuisikia? Mzee Mashimba wa Kimali ujana wake wote alicheza ngoma upande wa Bagalu, na sasa binti yake anaolewa kwenye ukoo wa Bagika. Hivyo ni vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma tangu zamani. Baada ya mavuno vinacheza uwanja mmoja, wakati mmoja, huyu huku na yule kule, na watu wanakimbilia kunakonoga. Mwenye watu wengi ndiye mshindi. Mzee Mashimba alitaka harusi iwe hivyo hivyo, ila badala ya ngoma wawe maDJ wawili. Alikuwa anasema harusi bila kushindana ni msiba wenye pilau. Upande wa bibi harusi walishamchukua Joakim. Upande wa bwana harusi walimwita Klementina, kwa sababu mama wa bwana harusi alisoma naye.

"Nitakuwepo," mjomba akasema. "Watu wakija kwako, kaa na mashine yako, mimi sina neno. Wakienda kwa yule kijana, unaiuza, na mitamba miwili inarudi zizini. Umekubali?"

"Nimekubali."

"Mbele ya huyu," mjomba akasema, akininyooshea kidole mimi niliyekuwa nawekea mteja nyimbo.

Wiki iliyofuata tulikwenda Mwanza. Dukani muuzaji alikuwa kijana wa haraka haraka. Akatutolea kontrola ya kwanza, kubwa kama mlango wa kabati, ina taa kila mahali.

"Hii, mayu, ndiyo ya mastaa," akasema, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Umeme inakula wapi?"

"Ukutani."

"Ninakokwenda ukuta ni wa udongo. Lete nyingine."

Ya pili ilikuwa ndogo na ya bei nafuu. Mama mdogo akaigeuza, akatazama nyuma yake na ubavuni. "Hedifoni nachomeka wapi?"

"Hii haina. Unachomeka kwenye laptopu."

"Laptopu ina tundu moja, na hilo ndilo la spika. Kwa hiyo wimbo nitakaopiga baadaye nitausikiliza pamoja na wageni?"

Kijana akacheka, akaacha haraka zake. Ya tatu ilikuwa na sahani mbili za kuzungusha, inakula umeme kwenye laptopu kwa waya mmoja wa USB, na ina njia mbili za sauti: moja ya spika, moja ya hedifoni. Mama mdogo akafumba macho, akasukuma vijiti vyake kimoja kimoja, juu chini, kushoto kulia, kama mtu anayepapasa mchele kutafuta mawe. Hakuna kilichokwama.

"Hii," akasema.

Nyumbani siku ya kwanza ilikataa. Aliunganisha waya zote, akaweka programu, akabonyeza, spika kimya. Laptopu yenyewe ndiyo iliyokuwa inaimba, kisauti kama mbu kwenye chupa. Alitoa waya, akarudisha. Ugali ukapoa. Jioni akaona kwenye mipangilio ya programu kuna mahali pa kuchagua sauti itokee wapi, na laptopu ilikuwa bado imejichagua yenyewe. Akachagua kontrola. Spika zikanguruma, kuku wakatoka uani wote.

Halafu ikawa akibonyeza, wimbo unakuja umechelewa, kidogo tu, lakini mkono unajua. Akarudi kwenye mipangilio, akapunguza ule muda wa kusubiri kidogo kidogo, kama mtu anavyoonja chumvi, mpaka sauti ikaanza kukwaruza. Akarudi hatua moja. Pakatulia.

Kilichomsumbua sana ni hesabu ya mapigo. Programu inasikiliza wimbo na kukuandikia mapigo kwa dakika, ili ubonyeze kitufe kimoja nyimbo mbili ziende pamoja. Nyimbo za Dar iliziandika sawa. Lakini bugobogobo, ngoma yetu ya kulimia, ile ya kurusha majembe, iliiandika mara mbili ya mwendo wake. Ukibonyeza kitufe, nyimbo zinapigana kama majogoo.

"Hii programu haijawahi kulima," mama mdogo akasema. Akaweka kidole kwenye kitufe cha kuhesabia mapigo, akafumba macho, akawa anagonga pale jembe linapoingia ardhini, si pale ngoma inapolia. Alifanya hivyo kwa kila wimbo wa majembe, siku nne.

Kimali tulifika asubuhi ya harusi kwa pikapu. Uwanja ulikuwa wa mpira, turubai moja goli hili, turubai jingine goli lile. Klementina akapanga meza, akaunganisha spika na betri ya gari, akajaribu kila kitu, vikaitika. Akaifunika mashine kwa kanga, akaenda kuoga na kuvaa.

Alipokuwa huko, alifika babu Mahona. Huyu ni mdogo wa marehemu babu yetu, mchezaji wa zamani, na hakuna ngoma aliyowahi kuicheza bila kuizindika kwanza kwa dawa ya kuvuta watu. Niliona anainama mezani, nikadhani anaitazama tu. Mimi si msemaji mbele ya wazee.

Saa nane, baada ya kula, Mzee Mashimba akasimama katikati ya uwanja na filimbi ya mwamuzi shingoni, akasalimu. "Mwadila!" Watu wote wakaitika. "Nikipuliza, wapige wote. Nikipuliza mara ya pili, ninahesabu vichwa. Na anayejua kucheza asikae chini!"

Filimbi. Joakim akaanza kwa kishindo. Klementina naye akaanza, na watu walikuwa nusu kwa nusu. Wimbo wa kwanza ukaenda vizuri. Alipotaka kuingiza wa pili, akasukuma kile kijiti cha katikati kinachotoka kushoto kwenda kulia, ambacho maDJ wanakiita feda. Hakikwenda. Akasukuma kwa nguvu, kikasogea kidogo, spika zikakwaruza, wimbo ukakatika katikati ya neno.

Kimya kwetu, kelele kwao.

"Mama Chaji, imeisha chaji!" mtu akapiga kelele, na watu wakacheka huku wanaondoka. Niliona migongo. Mjomba Mabula alikuwa upande wa Joakim, amekunja mikono, hachezi.

Mama mdogo akainamisha uso mpaka kwenye mashine. Akanusa.

"Nani amepaka samli hapa?"

Babu Mahona akatokea nyuma ya spika, amefurahi. "Mimi, mwanangu. Samli na dawa. Nimeiweka mdomoni, hapo kwenye ufa. Ngoma inalishwa mdomoni."

Nilimtazama mama mdogo. Jasho lilikuwa limesimama juu ya mdomo wake. Angesema neno lolote, na angesamehewa. Akapiga goti kidogo, akashukuru.

"Wabeja, baba."

"Wabeja, mwanangu. Watakuja."

Akasimama, akafungua mipangilio kwenye laptopu. Macho hayakuhangaika, kwa sababu zile siku alizokosa kula alikuwa ameipitia programu yote. Mahali fulani panauliza: feda ifanye kazi au isifanye? Akaizima. Kuanzia hapo mashine haikujali tena kile kijiti kilichoshiba samli. Vikabaki vile viwili vya pembeni, vya kupandisha na kushusha, kila wimbo na chake. Babu hakuvigusa, kwa sababu kwake havikufanana na mdomo.

Sasa akawa anatumia mikono miwili kama wapiga ngoma. Mkono wa kulia akapandisha wimbo wa Dar ambao vijana wote wanaujua. Kushoto akaweka bugobogobo. Hedifoni sikio moja, sikio la pili uwanjani. Akasubiri, halafu akaachia pale jembe linapoingia ardhini.

Zikaenda pamoja. Juu yule kijana wa Dar anaimba mapenzi, chini ngoma ya shambani inamsukuma kama anadaiwa palizi.

Bibi mmoja, mwenye kitenge cha harusi, alikuwa ameshavuka nusu ya uwanja kwenda kwa Joakim. Akasimama. Akageuza kichwa kwanza, halafu mabega. "Eee! Nani analima huko?" Akarudi anakimbia, akampora kijana mmoja fimbo, akaanza kuirusha na kuidaka kama jembe. Wenzake wakamfuata na vigelegele. Vijana walikuja kuwacheka bibi zao, wakabaki kucheza nao. Mtu akaenda kwenye nyumba ya jirani akaleta majembe ya kweli, mengine bado yana udongo.

Joakim akaongeza sauti. Akaweka nyimbo zake kali zote. Mwishowe nikamwona mwenyewe ametoka nyuma ya meza yake, anachungulia kwetu huku kichwa kinakubali.

Vumbi lilikuwa jingi mpaka bibi harusi alinyanyua shela akaifunga kiunoni. Katika lile vumbi nikaona kofia ya mjomba Mabula. Alikuwa amevuka. Alisimama pembeni, mikono bado imekunjwa, lakini goti moja lilikuwa linamsaliti. Mtu akamrushia jembe. Akalidaka, unajua, bila kutazama. Basi. Mjomba akalirusha juu, akajizungusha, akalidaka mgongoni. Sikuwahi kujua kwamba anaweza.

Filimbi ya pili ililia mara tatu ndipo ikasikika. Mzee Mashimba alitazama goli lile, akatazama hili, akaona hana cha kuhesabu.

"Vichwa viko huku!" akasema. "Kule naona DJ na mbuzi."

"Dawa imeshika," babu Mahona akamwambia kila mtu aliyepita. Klementina alikuwa anasikia, anacheka, anaongezea: "Imeshika, baba, imeshika kabisa."

Joakim alikuja na kitambaa safi na kichupa cha spiriti. "Dada Klemu, tuifungue hiyo feda kabla samli haijaganda. Na ile ngoma ya majembe nitaomba unigawie." Wakaifungua pamoja, wameinamiana kama wanafunzi.

Jua lilipoanza kushuka tulipakia pikapu. Mjomba Mabula alikuja ameloa jasho, nyasi kwenye nywele, kofia haipo. Mama mdogo akamtazama, akangoja.

"Hiyo mashine inalala wapi?" mjomba akauliza.

"Kibandani, kaka, pamoja na simu."

"Kibandani! Kwenye baridi na panya?" Akainama, akaizungushia kanga, akaiinua kwa mikono miwili akaiegemeza kifuani, kama anavyobeba ndama aliyezaliwa malishoni. "Italala ndani. Chumbani kwako. Nyie hamjui kufuga."

Akapanda pikapu akiwa ameipakata, akakataa kuiweka chini.