Gego la Priska

Shaibu alikuwa fundi wa meno kweli kweli, na sifa hiyo alijipa mwenyewe kabla hajapewa na watu. Kwa miaka kumi na tisa alichungulia midomo ya watu katika hospitali moja ya Dodoma mjini. Polisi wakiwa na kijana asiye na cheti cha kuzaliwa, ni kwake walikompeleka. Shaibu alimpiga picha ya taya, akailinganisha na chati iliyobandikwa ukutani, akaandika umri. Kijana aliyeandikiwa miaka kumi na tisa alikwenda gereza la wakubwa. Shaibu alikwenda kunywa chai.

Chati ile ilichorwa kwa meno ya watoto wa Ulaya. Hilo halikumsumbua mpaka alipoanza, kwa udadisi tu, kuwaandika kwenye daftari lake watoto waliokuja na kadi za kliniki, ambao siku yao ya kuzaliwa ilijulikana. Aliandika Wagogo, Warangi, hata watoto wa ndugu zake wa mjini wenye asili ya Kiarabu. Alipomaliza mtoto wa mia mbili, alirudia hesabu tangu mwanzo. Kwa chati, gego la mwisho hutoka mtu akishatimiza miaka kumi na minane. Kwa Wagogo wengi wa kwenye daftari lake lilikuwa limeshatoka wakiwa na kumi na mitano. Wale aliowapeleka gerezani, watoto walikuwa wangapi? Hakutaka kujua. Alilifungia daftari kabatini, na kesho yake akaandika umri kwa chati ile ile. Mwoga mkubwa yule.

Ndipo alipoletwa Priska, msichana wa Kigogo wa kijiji cha Zuzu, ana mimba ya miezi mitano. Aliyempa mimba alijulikana, Raphael mwenye mashine ya kusaga, mtu wa makamo, baba wa watoto sita. Raphael alidai kuwa walipendana. Kama Priska ni mtoto, maneno hayo hayamsaidii kitu, anafungwa. Kama ni mtu mzima, anarudi zake nyumbani.

Mahakamani, Paulina, mama wa msichana, aliulizwa mwanawe alizaliwa lini. Akasema ni mwaka ule wa njaa, walipokula hata mbegu. Wakili wa Raphael akamwambia kwa upole kwamba Ugogoni njaa ni nyingi, ataje ni ipi. Watu wakacheka. Paulina alijaribu kueleza, akaichanganya miaka, akaambiwa aketi.

Akasimama Shaibu. Alisema kwamba gego la mwisho limetoka lote na kwamba, kwa kipimo, binti hapungui miaka kumi na minane. Hakimu, mtu asiye na haraka, akavua miwani.

"Bwana Shaibu, kuna kipimo kingine chochote, kilichotokana na watoto wa hapa kwetu?"

Shaibu aliliona daftari akilini, na aliyaona pia maswali ambayo yangelifuata. Umelijua hili tangu lini? Na wale wengine je? Mtu mzima akivuliwa nguo huchutama; Shaibu hakukubali kufunguliwa hata kifungo.

"Hakuna, mheshimiwa."

Raphael aliachiwa. Wiki hiyo hiyo alituma wazee na ng'ombe wa mahari kwa Daudi, baba wa Priska, kwamba serikali yenyewe imesema huyu ni mtu mzima, basi ya nini kugombana. Daudi aliwapokea ng'ombe. Binti angechukuliwa Jumamosi.

Siku ya Alhamisi Paulina aliingia kliniki na mwanawe. Shaibu alijua amekuja kumtukana, na majibu alikuwa nayo. Lakini mama yule alimwamkia kwa heshima iliyomchoma kuliko tusi. Alikuwa amewauliza watu daktari aliona nini kwa mwanawe, akaambiwa ni jino la nyuma kabisa.

"Nakuomba uling'oe, baba. Ndilo lililomzeesha mwanangu. Likishatoka nampeleka kwa hakimu amwangalie upya."

Kwa Paulina hilo halikuwa ombi la ajabu. Yeye mwenyewe aling'olewa meno mawili ya chini utotoni, kwa mila ya Wagogo wa zamani, na meno hayo yalikuwa mazima.

Yalihitajika maneno machache tu. Jino halina kosa, mama, mwenye kosa ni mimi. Shaibu aliyafikisha mpaka kooni. Akamtazama Priska, aliyekaa kitini amelishika tumbo lake kwa mikono miwili kama mzigo wa mtu mwingine.

"Fungua mdomo," akasema.

Akamchoma sindano ya ganzi, akashika koleo. Gego lilikuwa zima, lenye mizizi imara, likamtesa fundi kabla halijang'oka. Priska hakulia. Paulina akalipokea kwa mikono miwili, akalifunga kwenye pindo la kanga, akamshukuru Shaibu sana na kumwombea kwa Mungu. Kisha akamshika mwanawe mkono, damu ingali ikimchuruzika mdomoni, wakatoka mbio ili wamkute hakimu kabla hajaondoka.