Mafuriko ya Uongo na Michoro Tisa

Naikumbuka siku moja, mwanangu, ambayo hata leo nikiiwaza najiona kama mtoto aliyeitwa ofisini. Nilikuwa kidato cha tatu, katika shule ya bweni ya wasichana upande wa Mikumi, nimesimama mbele ya mwalimu wangu wa sanaa, mikono mitupu. Lakini niache kwanza nikueleze nilifikaje pale, maana mambo ya namna ile hayamkuti mtu kwa siku moja.

Sisi ni watu wa Kilosa, mtaa wa Mabwerebwere. Baba yangu, Mzee Athumani, alikuwa mkulima wa mahindi na mpunga, mtu wa maneno machache. Tulipoambiwa tuchague masomo, yeye alitaka nichukue kilimo. Mimi nikachagua sanaa. Akaniambia, "Zuhura, kuchora ni mchezo wa mikono. Utakula michoro?" Nikamjibu kwa kiburi cha ujana kwamba ataona. Akaniacha nichukue sanaa yangu. Tangu hapo nikajiona sina ruhusa ya kushindwa.

Na hapa nikuambie jambo ambalo wewe unayesoma sanaa unalijua, ila wengine hawalijui. Watu wakisikia mtoto anachora shuleni hudhani anacheza. Mwenzako wa fizikia akichoka, wanampa pole, wewe ukiinamia karatasi yako mpaka shingo ikauma, wanakuambia, "Si unachora tu?" Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Hesabu ukiipata umeipata, unafunga daftari. Mchoro hauna mahali unapokuambia, "Basi, nimekwisha." Unafuta, unarudia, unafuta tena. Na hesabu zenyewe zinakungoja, na kemia, na historia, na zamu ya kufagia bweni.

Mwalimu wetu wa sanaa aliitwa Mwalimu Agnesi, mwanamke wa milimani, mwembamba, mpole wa sauti, lakini hapitwi na jambo. Kabla ya likizo fupi ya masika alitupa michoro tisa ya kufanyia nyumbani: vyombo vya jikoni, mti, mikono ya mtu anayefanya kazi, herufi za bango, pambo la kanga, na mingine ambayo sasa imenitoka. "Mkirudi nitakagua majalada yote," akasema. "Asiye na kazi hataendelea na darasa la mtihani."

Siku ya kwanza nyumbani nikakaa jikoni nichore vyungu vya mama. Nikachora, nikafuta. Nikachora, nikafuta, hata karatasi ikatoboka. Nikachukua nyingine. Mkono ukawa mzito, moyo unanienda mbio, na kila nikikitazama chungu naiona ile minane mingine imejipanga nyuma yake inanisubiri. Nikakunja kazi nikasema kesho. Kesho ikafika, nikasema jioni. Mama akiniuliza, "Mbona huli?" namjibu nimeshiba. Baba akiniuliza, "Kazi za shule zinakwendaje?" namjibu, "Vizuri, baba." Ningemwambia nini? Kwamba ule mchezo wa mikono umenishinda?

Wiki ileile mto Mkondoa ukajaa. Kwetu maji hayakufika, tuko juu kidogo, lakini wa bondeni yaliwakuta. Niliona watu wakipita na magodoro kichwani, maji yakichuruzika. Nilimwona Mama Chausiku, mjane aliyekuwa akiuza vitumbua njia ya sokoni, amebeba mgongoni mlango wa nyumba yake, maana ndicho kitu pekee alichowahi kukiokoa. Nikamhurumia, Mungu ni shahidi. Lakini hofu ikikaa sana ndani ya mtu humharibu. Nikiwa bado namtazama mama yule akihangaika na mlango wake, wazo baya likanijia, na sikulifukuza.

Ndiyo siku ninayokuambia. Shule imefunguliwa, Mwalimu Agnesi kanyoosha mkono. "Zuhura, jalada lako?"

"Mwalimu, nyumba yetu iliingia maji. Michoro yote imekwenda na mafuriko."

Akaweka kalamu chini. "Wazazi wazima?"

"Wazima, mwalimu."

"Basi karatasi si kitu. Pole sana, mwanangu." Akanishika bega. Nilitamani anigombeze. Angenigombeza ningepata nafuu.

Nilidhani yameishia hapo, kumbe uongo unazaa. Kesho yake asubuhi, tukiwa mstarini, mkuu wa shule akatangaza kwamba mwenzetu kapatwa na maafa, mwenye chochote atoe. Wasichana wakatoa kanga, sabuni, sahani, viatu. Helena, rafiki yangu tuliyelala naye kitanda cha ghorofa, yeye juu mimi chini, akavua sweta alilofumiwa na bibi yake. Hakuwa na lingine. "Mimi wa milimani nimezoea baridi," akasema. "Mpelekee mdogo wako." Gunia likajaa. Siku zikapita. Mara tatu nilikwenda hadi mlango wa ofisi ya walimu nikasema leo nasema kweli, na mara tatu nikageuka.

Ijumaa Mwalimu Agnesi akaniambia, "Jiandae. Kesho tunakwenda Kilosa kuwapa pole wazazi wako."

Nikaenda kulifunga gunia kamba.

Tulipata lori lililokuwa likienda tupu kufuata mahindi. Tukakaa mbele na dereva, gunia likawa nyuma. Barabara ile masika ilikuwa tope tupu. Lori lilikwama mara mbili, na mara zote mbili niliomba lisinasuke. Mwalimu alinionea huruma njia nzima. "Usilie, Zuhura. Maji huja, maji huondoka." Nikawa najisemea, tukifika kijiji kile nitamwambia. Tunakifikia, tunakipita, bado sijasema. Kisha najisemea, kile kinachofuata. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Mimi yangu niliomba isiishe, na ilikwisha.

Baba alikuwa uani anachonga mpini wa jembe. Nyumba imesimama, kavu. Mwalimu akazitazama kuta toka chini hadi juu, akitafuta alama ya maji. Hakuiona.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mbona leo? Si mmefungua juzi tu? Karibu, mwalimu, karibu."

"Asante, mzee. Tumekuja kuwapa pole kwa maafa yaliyowapata."

"Maafa gani, mwalimu?" Baba akaweka panga chini. "Kuna msiba?"

Nilisikia mama ndani akifunika chungu. Baba akanitazama, akamtazama mwalimu, akaliona na gunia tulilolitua mlangoni.

"Zuhura. Nyumba hii imeingia maji?"

"Hapana, baba."

"Nani kasema imeingia?"

"Mimi."

Mwalimu Agnesi akavuta kigoda akakaa, kama mtu aliyechoka ghafla. "Michoro mingapi ulikuwa umeifanya?" akaniuliza.

"Hata mmoja, mwalimu. Kila nikianza naona yote tisa kwa pamoja, mkono unakataa."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa utanitoa darasani. Na baba alisema..."

Nikangoja fimbo. Baba hakuinuka. Akauliza kwa sauti ya chini, "Ukienda kukata kuni, mzigo ukakuelemea njiani, unafanyaje?"

"Naita mtu anitue, baba."

"Humwagi kuni ukasema umeporwa?"

"Hapana, baba."

"Basi hili lilikushinda nini? Mimi nilisema kuchora ni mchezo, na nilisema nisilolijua. Hilo kosa ni langu, na mwalimu wako anisikie. Lakini watoto wa watu waliovua nguo zao wakupe wewe, kosa lao nini?"

Mwanangu, fimbo inauma ikapoa. Maneno yale hayajapoa mpaka leo.

Akasimama, akaliinua gunia, akanitwisha kwa mikono yake mwenyewe. "Walioingiliwa na maji kweli wako kwenye madarasa ya shule ya msingi. Wapelekee. Na kila utakayempa, mwambie kimetoka kwa nani na kimefikaje hapa."

Nikaenda, mwalimu kando yangu. Familia zilikuwa zimejibanza kwenye madarasa, nguo zimeanikwa juu ya madawati. Nikagawa, na kila mtu nikamwambia. Wengine walipokea wakanipa mgongo. Mmoja alisonya. Nilipofika kwa Mama Chausiku, mwanawe mdogo anatetemeka, nikampa sweta la Helena, nikapiga magoti. "Mama, nilikuona umebeba mlango, nikaichukua shida yako nikaifanya yangu ili nisiadhibiwe."

Kisha, huwezi kuamini, akacheka. "Mtoto wewe! Ungeniomba tu shida yangu, ningekupa yote na tope lake." Akamvika mtoto sweta, akarudi kwenye beseni kuosha sahani alizozifukua matopeni.

Hapo ndipo Mwalimu Agnesi alipofungua mkoba wake. Akatoa karatasi na penseli, akaniwekea juu ya dawati. "Mwombe mama ruhusa, kisha chora mikono yake. Raba ninayo mimi, na sikupi."

"Sasa hivi, mwalimu?"

"Sasa hivi. Mmoja tu. Ile mingine leo haikuhusu."

Mama Chausiku akasema nichore, ila mikono yake mibaya. Nikachora. Mstari wa kwanza ulitoka umepinda, nikaomba raba, nikanyimwa. Nikaendelea hivyohivyo na kupinda kwake. Vidole vya kwanza vilikuwa kama mihogo. Nikageuza karatasi nikaanza upya, mara ya pili, mara ya tatu, na katika mara ya tatu nikagundua kitu: kwamba moyo umeacha kunienda mbio. Mchoro ule haukuwa mzuri. Lakini ulikuwa mikono ya mtu, na ulikuwa umekwisha.

Usidhani mambo yalinyooka baada ya hapo. Jumatatu nilisimama mstarini mbele ya shule nzima nikasema ukweli. Mkuu wa shule akanipa adhabu ya kulima bustani hadi mwisho wa muhula. Wasichana wengi waliacha kunisalimu. Helena aliniuliza jambo moja tu, "Sweta langu kavaa nani?" Nikamwambia. Akasema, "Sawa," na kwa zaidi ya mwezi hakusema nami tena, akipanda na kushuka kitandani kama vile chini hakuna mtu.

Mwalimu Agnesi hakunitoa darasani, wala hakunipunguzia mchoro hata mmoja. Alichofanya ni kwenda nami kwa mwalimu wa hesabu na mwalimu wa kemia, nikawaeleza kwa kinywa changu nilipokwama, wakanisogezea mazoezi yao kwa wiki moja. Kisha akanipangia: kila siku baada ya vipindi, nichore kwa muda wa kipindi kimoja, kengele ikilia niache, hata kama jani limebaki nusu. Kuacha ndiko kulikonitesa kuliko kuanza. Lakini bandu bandu huisha gogo. Hadi siku mpya ya kukagua aliyonipa nilikuwa na michoro saba. Miwili ilinishinda, nikamwambia mapema imenishinda. Akaandika alama za wastani, si aibu wala si sifa, na nikabaki kwenye darasa la mtihani. Alasiri moja, nikiwa nachora ule wa saba, Helena akasimama nyuma yangu, akasema, "Sogea, nione unachora nini." Nikasogea.

Baadaye nilikuja kuwa mwalimu wa sanaa mimi mwenyewe, nikafundisha mpaka nikastaafu. Nimewaona watoto wengi wakiwa na macho yale niliyokuwa nayo jikoni kwa mama. Na nyinyi wa siku hizi mna jambo ambalo sisi hatukuwa nalo: mwenzako akimaliza kazi yake anaipiga picha, anaituma kwenye kundi la simu, na wewe ya kwako hujaianza unaona dunia nzima imekutangulia. Si kweli. Picha haionyeshi karatasi alizochana.

Kwa hiyo nisikilize, mwanangu. Kuelemewa si dhambi, wala si dalili kwamba hukuumbiwa sanaa. Hata fundi hodari huelemewa. Kinachoua ni kuficha, na mficha maradhi kifo humuumbua. Kazi zikikuzidi, mwendee mwalimu wako angali na nafasi ya kukusaidia, si siku ya kukusanya, na umtajie hesabu kamili: hizi nimefanya, hizi bado, hapa ndipo ninapokwama. Ukikaa na mchoro mmoja, kaa na huo mmoja, usiiruhusu mingine ikae nawe. Kula, maana tumbo tupu haliuongozi mkono. Jipangie saa ya kuacha, na ikifika uache. Mwambie mzazi wako ukweli hata kama alishawahi kukudharau, huenda naye anatafuta nafasi ya kujirudi. Na usiikope shida ya mtu kuifanya kisingizio, kwa sababu yule ambaye shida hiyo ni yake kweli yupo, na ipo siku mtakutana.

Nenda sasa, mwanangu. Mola akutulize moyo kabla ya mkono, akupe mwalimu mwenye subira na rafiki asiyekuacha moja kwa moja. Akupe ulimi wa kusema "nimekwama" bila haya, na kila utakachokikamilisha, kiwe kidogo kiasi gani, akitie baraka. Amina.